Sikulia siku ya mazishi, sasa ninalia sokoni

"Mshauri, mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Jinja, Uganda. Baba yetu alikuwa mwanajeshi. Tumezaliwa na kukulia kambini, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Alifariki wiki saba zilizopita. Tulimpeleka kwao kijijini, upande wa Mityana, na kesho yake saa kumi jioni akazikwa. Mimi ndiye niliyeshughulikia gari, jeneza, chakula na daftari la mabugo, yaani fedha za rambirambi. Sikutoa chozi hata moja. Ssenga, shangazi yetu, akaniambia mbele za watu kwamba nina roho ya jiwe. Sasa kila mtu amerudi kwake na mimi ndiyo kwanza naanguka. Juzi nilipita kwa fundi viatu sokoni, nikasikia harufu ya rangi ya viatu aliyokuwa akiitumia baba, nikalia hadi mama muuza nyanya akanikalisha chini. Usiku nasikia buti zake kwenye korido. Ukoo umepanga kwabya olumbe, shughuli ya kumaliza msiba, mwezi Desemba: kaka yangu atakuwa musika, mrithi wa kimila, mimi niwe lubuga wake, dada wa kusimama naye. Kanisani kwetu wanasema huo ni upagani. Ssenga anasema nisipokwenda, mzimu wa baba utawaandama wanangu. Koti lake ninalo kwenye mfuko wa nailoni. Siwezi kulivaa, siwezi kulitoa. Je, naingia wazimu? Na hali hii itaisha lini?"

Pole sana, dada. Pole kwa kumpoteza mzee, na pole pia kwa kazi uliyoibeba peke yako siku zile.

Nianze na jibu fupi, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Huingii wazimu, na huna roho ya jiwe. Wiki saba baada ya kumzika mzazi, kulia ghafla sokoni, kusikia hatua za marehemu usiku na kushindwa kugusa nguo zake ni mambo ya msiba wa kawaida kabisa. Yaliyobaki ni marefu kidogo, kwa sababu swali lako lina maswali kadhaa ndani yake, na lipo moja ambalo hukuliuliza. Hilo nitalifikia.

Tuanze na chozi. Katika vijiji vya Buganda mtu akikata roho, wanawake hupiga emiranga, yale mayowe marefu yanayovuka bonde. Kazi ya kwanza ya emiranga ni tangazo. Kabla ya simu na redio, ndivyo majirani walivyojua kwamba leo jembe linawekwa chini, kuna mtu wa kuzikwa. Wanaoyapiga wamejifunza tangu utotoni sauti yake, maneno yake na mahali pa kusimama. Wewe uliyekulia kambini hukufundishwa hayo. Ssenga alipoutazama uso wako mkavu alikuwa anatafuta lugha usiyoijua, akadhani unachokosa ni upendo.

Kisha uangalie ratiba yenyewe. Kati ya kufariki kwa mzee na saa kumi ya kesho yake, ulitakiwa kupata karatasi ya kifo, kukodi gari, kununua jeneza na embugo, vitambaa vya gome, za kumfunika, kupiga simu kwa watu, kuhesabu sufuria, kutafuta wa kukaa na daftari. Mwili unaopewa mzigo huo humwaga adrenalini na kotisoli, na chini ya homoni hizo akili hubana kwenye jambo lililo mbele yake tu. Hisia haziendi popote. Zinawekwa kando, kama vile aliyebeba mtungi wa maji kichwani asivyoweza kugeuka hata akiitwa kwa jina. Ganzi hiyo hulegea kazi inapokwisha. Ndiyo maana aliyeendesha msiba mara nyingi huanguka wiki ya tatu, ya tano, au kama wewe ya saba, viti vikiwa vimesharudishwa na waliokuja kukushika mkono wameshazoea kwamba "yule dada ana nguvu". Methali inasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwako kimekwenda kinyume, na walioendesha misiba wengi wangekuambia hivyo hivyo.

Huenda umesikia pia kwamba msiba una hatua tano zinazofuatana, hivyo unajikagua umefika ya ngapi. Acha. Hatua zile ziliandikwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe, hazikutokana na watu waliofiwa. Huzuni haipangi foleni. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999 walieleza kitu kinachofanana zaidi na maisha: mfiwa huingia katika huzuni na kutoka, huingia na kutoka, mara nyingine ndani ya saa moja. Asubuhi unalia, mchana unacheka na wanafunzi au wateja, usiku unalia tena. Ule mchana haukuwa unafiki. Bila kutoka, mtu hawezi kuingia tena akiwa mzima.

Kwa nini rangi ya viatu, basi, na si kaburi? Ubongo wako umejifunza kwa miaka 36 kwamba baba yupo mahali: yuko zamu, yuko safarini, yuko upande wa pili wa simu. Mazishi ni taarifa moja dhidi ya maelfu. Ubongo hauifuti hesabu ya zamani kwa siku moja. Hurekebisha kidogo kidogo, kila mara unapomtarajia ukamkosa. Harufu ndiyo yenye mkono mzito zaidi hapa, kwa sababu njia yake huingia karibu moja kwa moja katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, bila kupita mlango ambao macho na masikio hupitia. Ulipopita kwa fundi yule, baba alifika kabla hujapata muda wa kukumbuka kwamba amekufa. Sekunde iliyofuata ukampoteza upya.

Buti za kwenye korido ni jambo hilohilo likija usiku. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha mahojiano yake na wajane 293, wanawake kwa wanaume. Karibu nusu yao walikuwa wamemhisi, kumsikia au kumwona mwenzi aliyekufa, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu, baadhi wakiogopa kuchekwa. Hao hawakuwa na mizimu ya Buganda wala ssenga wa kuwatisha. Walikuwa na korido zao na masikio yao yaliyozoea. Cha kawaida huwa kifupi, hutokea zaidi unapoelekea kulala au kuamka, na moyoni unajua kwamba mzee hayupo. Kisicho cha kawaida ni sauti inayokutukana au kukuamuru ufanye jambo, inayoendelea mchana kweupe, au inayokushawishi kwamba watu wanakupangia njama. Ukisikia ya namna hiyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Soma tena barua yako. Baba aliyezikwa Mityana alizikwa kwa Luganda, kwa jina la ukoo, na watu waliomjua akiwa kijana kabla hajaenda jeshini. Walizungumza kuhusu mtoto wao, na walikuwa na haki hiyo. Lakini wewe ulifiwa na mtu mwingine: aliyevaa buti, aliyepaka viatu rangi hadi vikang'aa, aliyekugombeza na kukubembeleza kwa Kiswahili cha kambini. Huyo hakutajwa, au alitajwa kwa sentensi moja na mtu wa kusoma wasifu. Kijiji kilimzika wa kwake. Wako bado. Ninavyoona mimi, hiki ndicho kiini cha ganzi yako zaidi ya homoni zote nilizozitaja, na dawa yake haiko mbali. Tafuta wawili watatu waliotumikia naye, hapo Jinja hawakosekani wastaafu wa umri wake, uwaalike chai Jumapili moja. Waombe wakuambie alivyokuwa kazini. Usiandae hotuba wala sala ndefu. Weka chai, mkate na picha zake mezani, mama yako akiwepo ikiwa yu hai na anaweza. Utashangaa chozi litakavyokuja lenyewe, kwa lugha yake.

Kuhusu Desemba. Watu wanaogopa kwabya olumbe kwa sababu hawajaambiwa ni nini, wakaijaza kwa hofu. Neno lenyewe ni kuvunja, kupasua olumbe. Na olumbe si baba yako. Ni kifo, ule msiba uliokaa nyumbani tangu siku alipofariki. Jina lake liko katika masimulizi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi: Walumbe, kaka yake Nambi, aliyewafuata duniani na kuanza kuwaua watoto wao, hadi ndugu yake Kayikuzi akatumwa kumkamata, wakafukuzana na Walumbe akazama ardhini kule Ttanda, ambako ni wilaya yenu hiyohiyo ya Mityana. Kwa hiyo anayetolewa nyumbani siku ile ni Walumbe. Mzee hafukuzwi, kinyume chake, anapatiwa mtu wa kusimama mahali pake ili jina lisianguke.

Mambo yenyewe huenda hivi, ingawa kila ukoo una yake. Wazee wa ukoo hukutana na kuthibitisha musika. Vibanda vya majani ya migomba, ensiisira, hujengwa kuzunguka nyumba kwa ajili ya wageni. Usiku watu hukesha, ngoma na nyimbo, na kusema kweli pombe nyingi. Alfajiri olumbe hutolewa, kisha asubuhi musika husimamishwa mbele ya mlango juu ya kitambaa cha gome la mutuba, akivikwa kingine na kukabidhiwa mkuki, na lubuga akiwa pembeni yake. Ndugu hupita mmoja mmoja wakiwapa mawaidha na fedha kidogo. Halafu chakula. Lubuga ni wewe, dada yake, mtu wa ukoo uleule. Si mke wala si sadaka ya kitu chochote. Unasimama upande wa binti ili ionekane kwamba nyumba haikubaki na wanaume peke yao. Kwa maoni yangu ni heshima, na kuna kejeli tamu kidogo kwamba yuleyule aliyeambiwa ana roho ya jiwe ndiye ambaye ukoo ulimchagua asimame mlangoni.

Hata hivyo siwezi kukuamulia suala la imani. Ninachoweza kukuambia ni kwamba "kwenda au kutokwenda" ni swali lililokatwa vibaya. Olumbe ni mambo mengi yaliyofungwa katika mzigo mmoja, ufungue. Chukua daftari, mpigie mzee wa ukoo anayeendesha shughuli, si ssenga, umuulize jambo moja baada ya jingine: nani anasimamisha musika na kwa maneno gani? Je, kuna kuchinja, na ni kwa ajili ya mboga ya wageni au ni sadaka kwa mizimu? Kuna mganga atakayealikwa? Lubuga anatakiwa kuvaa nini, kula nini, kulala wapi? Kuna jambo lolote linalofanyika faragha? Kunyoa ni lazima? Andika majibu, kisha mpelekee mchungaji wako orodha hiyohiyo, umwombe aseme lipi hasa analipinga. Mara nyingi utakuta ugomvi wote uko kwenye vipengele viwili, na mzee wa ukoo ameshawahi kuviruka kwa walokole wengine. Familia nyingi za Kikristo Buganda siku hizi hufanya ibada asubuhi na kumsimamisha musika papo hapo, na hakuna aliyewafukuza kwenye ukoo.

Ukishajua kilichomo, una njia tatu. Kushiriki yote ndiyo njia rahisi kwa upande wa ukoo na ngumu kwa dhamiri yako ikiwa kuna ambalo huliamini. Mtu anayetenda akiwa amekunja moyo hurudi na hasira, na hasira hiyo huja kuelekezwa kwa marehemu. Kutokwenda kabisa kunakuepusha na ubishi wa siku mbili na kukupa ubishi wa miaka kumi, halafu unakosa siku ambayo jina la baba litatajwa mbele ya watu wote waliomjua. Ya tatu, ambayo ningependa uipime kwanza, ni kwenda, kusimama na kaka yako, na kusema mapema utakapokaa pembeni. Neno mapema lina uzito hapa. Kukataa mbele ya umati ni matusi; kukataa wiki sita kabla, ukiwa umepiga magoti kumsalimu mzee na umebeba kilo ya sukari, ni mazungumzo. Katika mazungumzo hayohayo omba dakika tano za kumsimulia baba yako kwa Kiswahili, wewe au rafiki yake wa jeshini, mtu akitafsiri.

Liko jambo moja nisilolipima kwa mizani. Chochote kinachogusa mwili wa mtu, awe mjane kulazimishwa "kutakaswa" na shemeji, kurithiwa, au watu kunyolewa kwa wembe mmoja, kinakataliwa bila kujadiliana. VVU haisubiri matanga yaanuliwe. Ukikubali kunyoa, nenda na wembe wako mpya ndani ya karatasi yake.

Kuhusu mzimu kuwaandama wanao: sina kipimo cha mizimu, na sitamcheka ssenga. Ila angalia hofu hiyo inavyofanya kazi. Mtoto hupata homa mara kadhaa kwa mwaka, katika nchi ya malaria. Ukishaambiwa kwamba mzimu unakuja, homa ya kwanza baada ya Desemba inakuwa ushahidi, na unapoteza siku mbili ukitafuta mganga badala ya kupimwa. Kwa hiyo jiwekee kanuni leo, kabla hujaogopa: mtoto akiwa na joto, kituo cha afya kwanza, siku hiyohiyo. Na ssenga pia, mpe nafasi. Amepoteza kaka. Mtu anayetisha wengine msibani mara nyingi ndiye anayeogopa kuliko wote kwamba marehemu atasahaulika.

Fedha zina nafasi yake pia. Ukoo ukikutajia mchango, omba bajeti iliyoandikwa, vibanda, chakula, turubai, kinywaji, halafu sema kiasi unachoweza na usikibadilishe. Karo ya Februari haiko mbali na Desemba. Usikope kwa riba ili watu wale nyama. Mikopo ya matanga huwafanya wafiwa wamchukie marehemu bila kujua wamechukia nini.

Tahadhari za mwili ambazo hakuna anayezitaja msibani: katika siku za kwanza baada ya kifo cha mpendwa hatari ya mshtuko wa moyo hupanda, na papo hapo watu wazima wanaacha dawa za presha na kisukari kwa sababu "si wakati wake". Mtakapokwenda Desemba, kila mwenye dawa za kila siku, zikiwemo za kupunguza makali ya VVU, abebe za siku zote za safari na mbili za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari la mtu mwingine. Ensiisira haina dirisha wala wavu. Nenda na chandarua na kamba ya kukitundikia. Na wewe, wiki hii, kabla hatujaita uchovu wako wote huzuni, ukapime malaria na wingi wa damu, na uangalie kama huna ujauzito. Huenda ulilala nje kule kijijini. Huzuni huchosha kweli, lakini haileti homa.

Juu ya mali niseme machache, kwa sababu hukuuliza, na kwa sababu ndiyo huvunja ndugu kuliko kifo chenyewe. Musika wa kimila si mwenye mali yote. Sheria ya urithi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022: asiyeacha wosia akiwa na mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mjane hupata asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1 kwa cheo chake hicho, mbali na fungu lake la mtoto. Nyumba ambayo familia ilikuwa ikiishi haiingii katika mgao huo. Sajilini kifo NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, msiuze wala kugawa kitu kabla ya kupata barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na zungumza haya na kaka yako kabla ya Desemba, mkiwa wawili tu.

Sasa kazi ya kila siku, kati ya leo na wakati huo. Tenga dakika ishirini, saa ileile kila siku, ukiwa peke yako na picha yake. Lia, mwandikie, msemeshe kwa sauti, au kaa kimya. Kengele ya simu ikigonga dakika ya ishirini, inuka, nawa uso, fanya jambo la mikono: chambua mchele, fua. Hii haifungii huzuni kwenye saa moja. Inakufundisha kuingia na kutoka kwa hiari, ili sokoni isikudake kila siku. Wengi hufanya makosa mawili hapa. Wanafanya usiku kitandani, wakakosa usingizi, au wanaruka siku mbili, kisha wanakaa saa tatu kufidia. Fanya jioni mapema, na dakika ziwe zilezile.

Usingizi: amka saa ileile kila siku hata ukilala vibaya, usinywe chai ya rangi wala kahawa baada ya saa nane mchana, na ukigeuka kitandani kwa takriban dakika ishirini bila kulala, toka ukakae sebuleni na taa hafifu hadi kope ziwe nzito. Buti zikisikika, sema tu kwa sauti, "Nimekusikia, mzee, lala salama," ugeuke. Si uchawi. Ni kuuambia mwili wako kwamba hakuna hatari ya kukimbia.

Halafu lile daftari la mabugo. Usilifungie kabatini. Kurasa zile zenye majina na 2,000 na 5,000 zilizoandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha ni orodha ya watu walioacha shughuli zao kwa ajili yako. Piga simu tatu kwa wiki, za kushukuru tu, dakika tano tano. Uliza kila mmoja alimjuaje baba yako. Mfiwa hudhani watu wamemsahau, nao wanadhani wakipiga watamkumbusha kidonda. Anayeanza ni mwenye daftari.

Watoto waambie "babu amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena". "Amesafiri" humfanya mtoto amsubiri mlangoni, "amelala" humfanya aogope kitanda. Wakikuona unalia, waambie unalilia nini, basi.

Itaisha lini? Makali hupungua polepole kwa miezi, yakirudi siku za sikukuu, mwaka kutimia, na pengine Desemba hiyo. Kumkumbuka hakuishi, wala hakutakiwi kuisha. Kinachohitaji mtaalamu ni pale ambapo miezi sita imepita, na karibu kila siku bado unamtamani marehemu kwa maumivu yaleyale, huwezi kufanya kazi, umeacha watu, huamini kwamba amekufa. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ni maradhi yanayotibika. Lakini usisubiri miezi sita ikiwa unawaza kufa au kumfuata mzee, ikiwa siku zinapita bila kula, ikiwa waragi, ile pombe kali, imekuwa dawa ya kila usiku, au watoto wamebaki bila wa kuwatazama. Hayo ni ya leo. Anzia kituo cha afya cha ngazi ya nne au nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Jinja, na useme neno lenyewe, "nawaza kufa", usiseme "naumwa kichwa". Maumivu ya kifua au kubanwa pumzi pia ni ya hospitali, usiyape jina la huzuni.

Usiogope kwamba tiba ya mazungumzo ni ya wazungu. Vijiji vya Masaka na Rakai vilikuwa kati ya mahali pa kwanza Afrika ambapo tiba ya vikundi ilipimwa kwa utafiti mkubwa: watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa kwa Luganda na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki bila vikundi. Moja ya mambo ambayo tiba hiyo hushughulikia ni kufiwa. Uliza hapo hospitalini kama kuna kikundi. Jinja si kijiji.

Limebaki koti. Ukoo unaweza kugawa nguo za marehemu siku ya olumbe, kwa hiyo mwambie kaka yako sasa hivi kwamba hilo ni lako, ili lisije likadaiwa mbele ya watu. Litoe kwenye nailoni, maana ndani yake unyevu hugeuza nguo kuwa na ukungu, na harufu unayoihifadhi itakuwa ya kwanza kufa. Lifunge katika kitambaa safi cha pamba, uliweke kavu. Huhitaji kulivaa. Desemba Mityana huwa na baridi ya alfajiri. Lichukue kwenye mkoba, uamue ukifika. Na usilifue kwanza.